Mzima Mjini, Mgonjwa Mlimani

Flavia alikuwa amepata tabia mpya: kusimama. Kabla ya kila mlima alizima injini, akainamisha kichwa na kusikiliza, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mbali. Kisha aliteremka, akazunguka, akagusa matairi, akanusa nyuma ya kiti. Haoni kitu. Anapanda tena, anawasha, anakwenda mpaka kona inayofuata, anasimama tena.

"Wewe Flavia," aliita Gladys, jirani yao, aliyekuwa anapanda kwa miguu na mzigo wa mabua kichwani. "Hilo gari linaendeshwa au linasaliwa? Maana kila kona kituo, kama Njia ya Msalaba!"

Flavia alicheka kidogo, akatazama chini. Hakuwa mtu wa kujibu. Maneno yalimjia, ila yalimjia jioni, akiwa anaosha vyombo, wakati aliyestahili kujibiwa yuko kwake amelala. Siku hiyo Gladys alitangulia kufika, na mzigo wake kichwani, na habari ya Njia ya Msalaba ilifika Kirua yote kabla ya bagi.

Gari lenyewe lilikuwa hilo: bagi. Viti viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, usukani, mabomba ya chuma juu badala ya paa, milango hakuna, matairi manene yenye meno, na nyuma bodi fupi ya kubebea mzigo. Lilikuwa limetumika katika shamba la farasi upande wa pili wa mlima, mpaka mwenye shamba alipohama nchi. Kirua hawakuwahi kuliona la namna ile. Watoto walitazama jinsi matairi yalivyochomoza nje kama magoti, wakaliita Panzi, na jina likashika.

Lilinunuliwa kwa ng'ombe. Mama yake Flavia, Mama Dominika, alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na mkubwa ndiye aliyeuzwa. Watu walishangaa. Lakini waliomjua mama huyo walijua sababu. Huko mlimani ng'ombe hachungwi, analetewa chakula bandani, na kiangazi kikikaza, chakula hicho kiko chini, tambarare, upande wa Kahe, mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Mabua hupanda mlima juu ya vichwa vya wanawake. Mama Dominika alikuwa amepanda nayo tangu akiwa msichana, mpaka shingo ikagoma. Sasa akitaka kukutazama uliyesimama kando yake, aligeuka mwili mzima, kama mlango.

"Kichwa changu kimetosha," alisema siku ile ng'ombe anaondoka. "Chako wewe hakitabeba. Chukua hilo dude."

Ndiyo maana Flavia alisikiliza. Kama dude lingekuwa bovu, basi ng'ombe alikuwa amekwenda bure, na shingo yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa inafuata.

Na dude lilikuwa na kitu. Juma la kwanza tu, katika mlima ulio juu ya daraja, alinusa mpira unaoungua. Injini ililia kwa nguvu, lakini matairi yalizunguka kivivu, kama mtu anayeitikia bila kuamka. Alishusha nusu ya mabua, akafika nyumbani na nusu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alipakia robo, harufu ikaja hata kwa robo.

Akalipeleka Moshi kwa Swaleh, fundi wa Majengo, kijana mwembamba mwenye maneno mengi, aliyewahi kutengeneza magari kama hayo kwa watu wa utalii. Swaleh alilipuliza kwa kompresa kwanza, vumbi na takataka zikaruka, yeye amegeuza uso. Alifungua boksi la mkanda, akautazama mkanda ule mpana wa mpira unaozungusha matairi, akaupapasa.

"Umeiva kidogo, lakini unafaa," alisema. "Njoo nikuonyeshe." Akawasha injini, akachukua kitambaa na kukipeleka kwenye mdomo wa bomba lililokuwa nyuma ya kiti, chini ya bodi. Kitambaa kikavutwa kikanata, kama kidole katika mdomo wa ndama. "Hapa ndipo mkanda unapopumulia. Ukipumua, haupati joto. Usipopata joto, hauungui. Umeelewa, dada?"

Flavia aliitikia kwa kichwa.

Swaleh akapakia vijana wawili wanene kwenye bodi, akaliendesha mwenyewe mpaka kwenye vilima vya njia ya Rau, akarudi anapiga honi.

"Mzima! Huyu anaruka! Unalilaza wapi?"

Flavia alisita. Akili yake iliona uwanja wao, na Panzi chini ya migomba, na jinsi walivyomlaza. Aliwaona mafundi wengine wamesimama wanasikiliza, mikono nyeusi kwa grisi, wakiwa tayari kucheka.

"Bandani," alisema.

"Vizuri. Basi usizidishe mzigo. Na mabua lazima yataleta uchafu, ukiweza pitia hapa tulipulize."

Alirudi Kirua bila harufu yoyote, hata kidogo. Alipanda mlima wa daraja akiimba kimoyomoyo. Jioni wakamlaza Panzi, na kesho yake alipopanda na mabua, harufu ile ikarudi.

Alimpelekea Swaleh tena. Swaleh akapuliza, akajaribu, akarudi anapiga honi. "Dada, kwangu mzima, kwenu mgonjwa. Wazee wa huko walipewa pombe yao ya mbege? Au gari linaogopa baridi?" Mafundi wakacheka. Flavia naye akacheka kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka. Njiani kurudi hakucheka. Alisimama kila kona.

Wasiwasi una mikono mingi, na yote ilimgusa. Akichuma kahawa anasikia injini. Akiwa kanisani, padri anahubiri, yeye ananusa mpira. Akila mtori, kijiko kinasimama hewani, mama yake anasema, "Kula, mwanangu, hiyo ni pikipiki ya mtu inapita." Alianza kuogopa kumtumia Panzi, akaogopa pia kumwacha asimame, maana alisikia kwamba gari lisilotembea huharibika. Asubuhi alimwasha bila safari, akamzima, akamwasha.

Mama Dominika alifanya ya kwake. Siku moja alichukua mbege katika kibuyu, akaijaza mdomoni, akaitemea mbele ya Panzi, pfuu, kama wazee wanavyotemea watoto baraka.

"Usituaibishe," aliliambia. Halafu akageuka mwili mzima kumtazama binti yake. "Padri akija kubariki nyumba atalinyunyizia na maji. Kwa sasa lina mbege."

Na jioni wakamlaza, kama kawaida yao. Banda la Panzi halikuwepo. Lililokuwepo lilikuwa la ng'ombe, na humo ng'ombe aliyebaki, Sifa, alitosha mwenyewe na mimba yake. Kwa hiyo Mama Dominika alileta mzigo wa majani makavu ya migomba, wakamfunika Panzi kuanzia mbele hadi nyuma. Kwa majani hayo mama huyo alifunika kila kitu alichokithamini: mikungu inayoivishwa, mitungi ya mbege, mbegu za magimbi, na zamani, watoto wake, wakati nyumba ilipovuja. Kitu cha thamani hufunikwa. Umande usikipate, baridi isikipate, na jicho la mtu lisikipate. Kadiri Panzi alivyozidi kuugua, ndivyo walivyozidi kumfunika. Mama alisukuma majani mpaka nyuma ya kiti na chini ya bodi, akayapapasa, kama anayechomeka blanketi chini ya godoro.

"Sasa hata baridi ya Januari haitamwona," alisema.

Asubuhi Flavia aliyaondoa kwa mikono miwili, akafagia kilichobaki, akawasha.

Fikirini alikuja siku ya Jumatano. Alikuwa mnunuzi wa ng'ombe kutoka mjini, mtu mpole, mwenye kofia ya kufuma na kamba iliyoviringishwa begani muda wote, kama mtu aliyezaliwa nayo. Alimsalimu Mama Dominika shikamoo, akaenda moja kwa moja bandani, akamtazama Sifa mbavu.

"Mama, huyu anakwisha. Na ana mtu tumboni. Mimi sisemi uuze. Nasema, akianguka, hata mimi sitamtaka."

Hakukuwa na uongo katika maneno yake. Sifa alikuwa anakula magome ya migomba na kubaki anatazama mlango. Shamba lao la tambarare bado lilikuwa na mabua, lakini Jumapili mashamba yote ya kule yangefunguliwa, na mifugo ya wafugaji ingeingia. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka: ambacho hakijabebwa kufikia siku hiyo ni halali ya ng'ombe wa mwingine.

Mama Dominika alitafuna ulimi. "Njoo Jumamosi jioni," alisema. "Ukikuta mabua hapa, utakunywa mbege na kwenda zako. Ukikuta uwanja mtupu, mfungue."

Flavia alikuwa nyuma ya jiko. Alisikia yote.

Jumamosi alishuka mapema. Mama yake alitaka kwenda naye, Flavia akakataa. Kila kiti na kila kilo vilikuwa vya mabua. Kushuka hakuna shida, hata jiwe linashuka. Kule shambani alikata na kufunga mpaka mikono ikachubuka, akapakia bodi mpaka mabua yakapita mabomba ya juu, akajaza na kiti cha pili. Alipokuwa anakaza kamba, akatokea Gladys kutoka shamba la jirani, mzigo wake chini ya miguu, anajifuta jasho.

"Flavia, mdogo wangu. Kafungu kangu haka kadogo tu, nitupie juu. Mimi nitasukuma ukikwama."

Kafungu kale kalikuwa na ukubwa wa mtu. Flavia alitaka kusema hapana. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Weka."

Walipita Uchira vizuri, Gladys amening'inia nyuma kama kondakta, akiwapungia watu anaowajua. Walianza kupanda. Flavia alisimama kusikiliza, akasimama tena. Katika mlima ulio juu ya daraja harufu ilikuja, safari hii ikiwa na moshi mwembamba. Injini ikalia. Matairi yakazunguka kidogo, yakaacha. Panzi akaanza kurudi nyuma polepole, na Gladys akaruka akapiga kelele, "Jiwe! Jiwe!" akaweka jiwe nyuma ya tairi.

Flavia akazima injini. Chini yao maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yalipita yakienda mashambani kwa watu.

"Si nilikwambia," alisema Gladys, ingawa hakuwahi kumwambia. "Vitu vya wazungu hivi. Tungekuwa tumeshapita kanisani na mizigo yetu kichwani."

Pikipiki ikaja nyuma yao, na juu yake, nyuma ya dereva, Fikirini na kamba yake. Alimwambia dereva asimame. Alitazama moshi, akatazama mabua, akamtazama Flavia kwa huruma ambayo ilimuumiza kuliko kejeli.

"Binti, pole. Nisaidie kushusha?"

Flavia alitikisa kichwa.

"Basi mimi natangulia. Nitasubiri kwa mama. Sina haraka."

Pikipiki ikapanda, sauti yake ikapotea kwenye migomba. Flavia alisimama katikati ya barabara. Aliona jinsi itakavyokuwa: kamba shingoni mwa Sifa, mama yake amegeuka mwili mzima ili asione. Na kesho yake, na mwaka kesho, yeye mwenyewe njia hiihii, ngata kichwani.

Kisha akaanza kushusha mabua. Alishusha kwa hasira, akiyatupa.

"Unafanya nini?" aliuliza Gladys.

"Nataka kuona pua yake."

"Pua ya nani?"

Flavia akaendelea kutupa mabua. Bodi ilipokuwa tupu aliinyanyua, akaliona lile bomba. Aliwasha injini. Akachukua pindo la kitenge chake, akalipeleka kwenye mdomo wa bomba kama Swaleh alivyofanya. Pindo lilining'inia tu. Halikuvutwa. Alisogeza kiganja, kama mama yake anavyomwekea ng'ombe mgonjwa kiganja puani kabla ya kumfanyia lolote, akangoja. Hapakuwa na pumzi.

Alizima. Akaingiza vidole viwili, vikagusa kitu kilaini chenye joto. Akavuta. Kilitoka kirefu, kimesokotwa, kimekauka, kahawia, na nyuma yake kingine, na kingine.

"Mabua hayo," alisema Gladys. "Si unabeba mabua."

"Siyo mabua," alisema Flavia.

Mama Dominika aliwakuta hapo. Alikuwa amemwona Fikirini akifika peke yake, akaelewa, akashuka njia ya mkato na ngata mkononi na kamba ya kubebea. Alikuwa amekuja kubeba. Flavia aliiona ile ngata, akashindwa kumsalimu. Alimnyooshea tu kile alichokivuta.

Mama alikipokea. Alikifungua taratibu kwa vidole gumba, akakinusa.

"Mshare," alisema. "Ule mgomba wa nyuma ya jiko." Akageuka mwili mzima kulitazama bomba, na kiti, na bodi, na pale alipokuwa akichomeka majani kila jioni kwa mkono wake mwenyewe. "Kumbe tulikuwa tunamziba pua."

"Mlikuwa mnamfunika?" aliuliza Gladys. "Gari? Kwa majani?"

"Wewe mtungi wako wa mbege unaufunika kwa nini?" alisema Mama Dominika.

"Lakini mtungi haupumui, mama."

"Haupumui! Kalale karibu nao siku moja, utausikia unavyopumua."

Gladys alianza kucheka, mama naye akacheka, huku ameshika lile jani kama barua ya msiba. Flavia hakuweza kucheka. Alikuwa amemkumbuka Swaleh: unalilaza wapi? Neno moja la kweli lingetosha. Na sasa mkanda ulikuwa umeungua mara ngapi? Umebakiwa na nini?

Alitoa kila jani alilolifikia. Akapuliza kwa mdomo mpaka kizunguzungu kikampata. Wakangoja mkanda upoe, na kungoja kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Alikaa, akasimama, akaenda mpaka kwenye mfongo, akarudi, akagusa boksi, la moto bado, akaenda tena. Jua lilishaingia nyuma ya miti. Mwishoni mama yake alisema, "Mwanangu, tungekuwa tunakunywa maji kila unapoyafuata, mfongo ungekauka."

Aliwasha. Akapeleka kitenge. Pindo likavutwa, likanata.

Walipakia tena, yote, hata kafungu ka Gladys. "Tangulieni kwa miguu," alisema Flavia, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuomba. Akakanyaga.

Panzi alisita, akashika. Matairi yakauma udongo. Alipanda ule mlima, na kona ya kwanza ilipofika, mguu wake wenyewe ulitaka kusimama. Kila kitu ndani yake kilitaka kusimama, kuzima, kusikiliza. Lakini mkanda uliochoka ukisimamishwa na mzigo, nani ajuaye kama utaondoka tena? Alipita kona. Akapita ya pili. Alinusa kwa nguvu mpaka pua ikamwuma, akasikia harufu ya mabua, vumbi, jasho lake mwenyewe. Kanisani watu wa kwaya walikuwa nje, mmoja akaita, "Panzi kafufuka!" Hakusimama.

Fikirini alikuwa ameegemea banda, kamba begani. Kabla hajasema neno, Sifa alisikia harufu ya mabua, akanyoosha shingo juu ya fito, akalia kwa sauti ndefu ambayo hakuwa nayo tangu kiangazi kianze.

"Haya," alisema Fikirini, akiisogeza kamba yake begani. "Ng'ombe mwenyewe amejibu. Mimi nawadai mbege tu."

Akapewa, akanywa, akashuka.

Jioni hiyo Flavia alimpigia Swaleh. Alizunguka uwanja mzima na simu mkononi kabla ya kubonyeza.

"Kaka Swaleh, shida tumeiona. Lilikuwa... hatulilazi bandani. Tulikuwa tunalifunika majani ya migomba. Yaliingia kwenye bomba."

Upande wa pili kicheko kikaanza, kirefu, na sauti ya Swaleh ikiwaita wenzake wasikie. Flavia aliisogeza simu mbali na sikio, akasubiri. Kicheko kilikwisha. Hakuwa amekufa kwa aibu.

"Dada, mkanda huo sasa umechoka. Utafutie mwingine kabla haujakukatikia. Na lifunike na turubai, tena usilibane."

"Sawa. Mkanda utafika lini?"

Aliuliza, na alipojibiwa akauliza tena, na tena, mpaka akaelewa.

Alipogeuka, mama yake alikuwa anakuja kutoka nyuma ya jiko, amekumbatia majani makavu kifuani. Mikono ilikuwa imeyachukua yenyewe, kwa mazoea. Alifika karibu na Panzi, akasimama. Wote wawili wakayatazama yale majani.

"Umande utampata," alisema Mama Dominika kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, mama. Utampata."

Mama alisimama kidogo zaidi. Kisha akaenda bandani na mzigo wake, akautandaza chini ya Sifa, akaupapasa sawasawa, mpaka pembeni. Flavia alibaki uwanjani. Panzi alikuwa uchi chini ya migomba, na chuma chake kinachopoa kililia, tik, kikanyamaza, tik. Flavia aliinamisha kichwa, akasikiliza.